Kufunga au Kurejesha? Istilahi za Miunganisho ya Hifadhidata

Makala hii inajadili istilahi zinazohusu mawasiliano baina ya programu na hifadhidata, na kuonyesha jinsi tafsiri sisisi inavyoweza kumpotosha mwanafunzi wa tarakilishi.

Programu haiwezi kusoma data kabla ya kupata muunganisho. Kuuanzisha ni kazi ghali: nywila hukaguliwa, na katika PostgreSQL mchakato mpya huzinduliwa kwa kila muunganisho. Aidha, idadi yake ina kikomo. Msimamizi asipobadilisha chochote, PostgreSQL huruhusu miunganisho 100, na MySQL 151. Ndiyo maana programu nyingi huweka miunganisho michache tayari, ikaazimwa kwa zamu. Mfasiri mwenye haraka angeuita mpango huu "bwawa", kwa kuwa neno la Kiingereza lina maana hiyo pia. Lakini bwawa huvuliwa samaki; kinachoazimwa na kurudishwa ni akiba. Basi na iitwe akiba ya miunganisho.

Utata mkubwa zaidi umo katika kitenzi "funga". Katika lugha ya Java, amri ya kumaliza kutumia muunganisho ina jina lenye maana hiyo. Muunganisho ukiwa umetoka katika akiba, hata hivyo, amri hiyo haikati mawasiliano na seva; huurudisha tu akibani. Mwanafunzi aliyekwisha kuelezwa kwamba kufungua ni ghali, kisha akaambiwa "funga", ana kila sababu ya kusita: afungeje kitu atakachokihitaji baada ya nukta chache? Huuacha wazi, akidhani anabana matumizi.

Matokeo yake si madogo. HikariCP, maktaba ya Java inayosimamia akiba hiyo, huweka miunganisho 10 isipoelekezwa vingine. Maombi kumi yakiazima bila kurejesha, la kumi na moja husubiri sekunde 30, kisha hupewa kosa. Seva ya hifadhidata nayo i salama, haina kazi, na lawama huelekezwa kwake.

Tangu Java 7 ya mwaka 2011, mpangaprogramu anaweza kuandika sehemu ya msimbo ambayo hutoa amri hiyo yenyewe, hata kosa linapotokea katikati. Katika kuieleza, "rejesha" ndicho kitenzi kifaacho. "Funga" kibakie kwa muunganisho ulioharibika au uliozeeka, ambao akiba yenyewe huukata na kuanzisha mwingine.