Maji Machafu na Ziwa Lisilo na Mlango

Somo la juma hili ni juu ya maji machafu, yaani yale yatokayo jikoni, bafuni na chooni. Watu wengi wakiisha kuyamwaga huyasahau, kana kwamba yamekwisha. Lakini maji hayakwishi, hushika njia. Basi na tuyafuate katika bonde la mto Njoro, Kenya.

Mto huo hutoka vilima vya Mau, hupita mashambani na kando ya mji mdogo wa Njoro, kisha huteremka hata Ziwa Nakuru. Safari yake huishia hapo. Tana na Athi hufika baharini, bali Njoro haufiki, kwa sababu hakuna mto utokao katika Ziwa Nakuru. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua, na chumvi na taka zilizokuja nayo hubaki. Wakati wa kiangazi sehemu ya chini ya mto huweza kukauka kabisa, lakini maji machafu ya watu hayajui kiangazi. Hutoka kila siku.

Tena, kabla ya kufika ziwani mto una wenyewe. Kina mama huchota humo, ng'ombe hunywa humo, na wachukuzi wa maji hujaza mapipa yao na kuyapeleka kwa punda hadi milangoni. Dereva wa lori la kunyonya vyoo amwagaye mzigo wake mtoni usiku, apate kuokoa petroli, huwapelekea hao homa ya matumbo na kipindupindu.

Mji mdogo hauhitaji mashine kubwa kusafisha maji yake. Wahitaji ardhi, jua na mabwawa yaliyofuatana. Bwawa la kwanza huchimbwa kwenda chini sana, mita 2 hata 5. Uchafu mzito hutuama, na vijidudu wasiotaka hewa huula. Hapo pana harufu, na kwa hiyo halijengwi karibu na nyumba. Bwawa la pili ni pana, na kina chake ni mita 1 hata 2. Humo huota mwani wa kijani. Mwani hupata nguvu kwa jua na kutoa oksijeni, na vijidudu wengine huitumia oksijeni hiyo kumaliza uchafu uliosalia. Wageni wengi huona rangi ile ya kijani wakadhani bwawa limeharibika, kumbe ndiyo dalili ya kazi. Mabwawa ya mwisho hayana kina kirefu, ili jua lipenye na kuua vijidudu vya maradhi. Mayai ya minyoo nayo huzama chini, mradi maji yasiharakishwe. Safari yote huchukua majuma kadhaa.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2006 ziliagiza kwamba uchafu uliobaki katika lita moja ya maji yatolewayo usihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kuoza kwa siku 5. Hicho ni kipimo kikali, na ni haki kiwe hivyo. Hata hivyo mabwawa hayaondoi kila kitu. Fosforasi nyingi, ambayo ni mbolea, hupita. Katika mto uendao baharini huchukuliwa mbali. Katika ziwa lililofungwa hurundikana mwaka baada ya mwaka, na kubadili mimea ya majini ambayo heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, huila. Kwa sababu hii yafaa maji yaliyosafishwa vema yanyweshee miti au majani ya ng'ombe kabla ya kuachiliwa.

Limebaki jambo moja ambalo halmashauri nyingi huliahirisha, nalo ni tope. Kila baada ya miaka michache bwawa la kwanza lazima lizolewe. Lisipozolewa hujaa, na maji huteleza juu yake yakatoka upande wa pili karibu kama yalivyoingia, ingawa ua umesimama na mlinzi yuko mlangoni. Fedha za kazi hiyo hazina budi kutengwa siku ile ile bwawa linapoanza kuchimbwa.