Somo la 14: Nimemeza au Sijameza?

Umefunga mlango wa nyumba. Umefika njiani, unajiuliza: "Je, nimeufunga kweli?" Umeweka panga mahali. Baada ya muda mfupi hukumbuki umeliweka wapi. Watu wengine huogopa. Hudhani wamezeeka kabla ya wakati, au wamerogwa. Mara nyingi sivyo. Mkono uliweka panga, lakini akili ilikuwa kwa jirani aliyepiga hodi. Jambo ambalo akili haikuliangalia, haikulihifadhi. Kwa hiyo hakuna la kukumbuka.

Panga likipotea utaazima la jirani. Dawa ni jambo jingine.

Mkulima mmoja aliugua kifua kikuu. Kwenye zahanati aliambiwa ameze dawa kila siku kwa miezi 6. Alianza vizuri. Kila alfajiri alikohoa, na kikohozi kilimkumbusha dawa. Pia aliona mkojo wake umekuwa mwekundu kama chai ya rangi. Hilo halikumtisha, kwa sababu mhudumu wa afya alikuwa amemwambia mapema kuwa ni rangi ya dawa tu.

Baada ya miezi 2 kikohozi kiliisha. Nguvu zilirudi. Mvua nazo zikaanza, na shamba likamwita. Sasa hapakuwa na kitu cha kumkumbusha.

Asubuhi moja alishika kikombe cha maji na vidonge mkononi. Mara akasikia kelele: ng'ombe wameingia kwenye mahindi! Akatoka mbio. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu, na vidonge havikuonekana.

"Mama, hivi nimemeza dawa leo?" alimwuliza mke wake.

"Baba, mimi nilikuwa kisimani. Nitajuaje?"

Alifikiri ameze tena ili awe na hakika. Mke wake akamkataza. Kumeza mara mbili kwa siku moja kunaweza kumdhuru mtu, hasa ini lake. Wakachukua pakiti ya dawa, wakaenda zahanati. Mhudumu alihesabu vidonge vilivyobaki, akalinganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Vidonge vya siku ile vilikuwa vimemezwa. Lakini vilibaki vidonge vya siku 5 ambavyo vilipaswa kuwa vimekwisha mezwa mwezi ule! Mkulima alishangaa. Hakukumbuka kuruka hata siku moja.

Mhudumu hakumgombeza. Aliwaeleza hivi: dawa huua vijidudu vingi katika wiki za mwanzo, ndiyo maana mgonjwa hujiona amepona. Lakini vijidudu vingine hubaki mwilini kama vimelala. Hivyo hufa polepole. Mgonjwa akirukaruka siku, vinavyobaki vinaweza kuwa sugu, yaani dawa za kawaida haziviui tena. Na akikohoa, huwaambukiza wa nyumbani mwake vijidudu vilivyo sugu tayari.

Tatizo hili la kusahau lilijulikana zamani. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo alisaidia sana katika kazi hiyo. Katika miezi ya mwanzo mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu wa afya, hakuachiwa kukumbuka peke yake. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza njia ya namna hiyo katika nchi nyingi. Naam, wengine walijifunza kwetu.

Siku hizi mgonjwa anaweza kumeza dawa nyumbani, akisimamiwa na mtu wa jamaa yake. Mke wa mkulima alikubali kazi hiyo. Yeye alikuwa akihudhuria kisomo. Alitundika kalenda ukutani, juu ya mtungi wa maji. Alifunga penseli kwa uzi kwenye msumari, maana penseli nazo hupotea!

"Baba, meza kwanza, ndipo utie alama ya vema," alisema. "Usitie alama kabla. Ukiitwa katikati, kalenda itatudanganya."

Kila jioni mama huyo alitazama kalenda. Alama ikikosekana walihesabu vidonge. Vikionyesha kuwa hajameza, alimeza papo hapo, kwa kuwa siku ilikuwa haijaisha. Mara 2 ilitokea hivyo, na mara zote 2 kulikuwa na wageni asubuhi. Mwezi wa 6 ulipokwisha makohozi yake yalipimwa. Vijidudu havikuonekana.

Zoezi

1. Kwa nini mkulima alikumbuka dawa zaidi alipokuwa bado anakohoa?
2. Kwa nini mke wake alisema alama itiwe baada ya kumeza?
3. Taja kitu ulichokisahau wiki hii. Akili yako ilikuwa wapi wakati ule? Mweleze mwenzako, kisha andika sentensi mbili.
4. Chora siku 7 za wiki katika daftari lako. Chagua kazi moja ya kila siku, kama kuchemsha maji ya kunywa. Tia alama kila unapoimaliza, na ulete daftari darasani.