Makali Kuwili: Maana ya Msingi na Maana ya Kisitiari

Katika ambatano makali kuwili, kiambishi ku- hakirejelei nomino makali (yangekuwa mawili), bali mahali, yaani pande mbili. Kimsingi, huelezea silaha ikatayo pande zote mbili, mathalani sime ya Wamaasai wa Bonde la Ufa. Kisitiari, ni jambo lenye manufaa na madhara. Lisichanganywe na ndumakuwili, yaani mnafiki: huyo hukusudia hila, ilhali chenye makali kuwili humtegemea mtumiaji. Redio za lugha za kienyeji ni mfano mwafaka. Huelimisha umma, hata hivyo, Tume ya Waki ya mwaka 2008 ilipokea ushahidi kwamba baadhi yazo zilieneza chuki kabla ya ghasia zilizozikumba Nakuru na Naivasha Januari 2008.