Mlima wa Kalebu: Kuanza Biashara Ukiwa Kijana, Kuanza Ukiwa Mzee

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Yoshua 14:6-14; Yoshua 15:13-17; Mhubiri 11:6

Mimi nimeanza biashara mara mbili maishani. Ya kwanza nilikuwa na miaka 24, ya pili nilikuwa na 60. Mungu ni yule yule, lakini nawaambia ukweli, safari hizo mbili hazikufanana.

Nikiwa na 24 niliuza mayai ya kuchemsha stejini. Mtaji ulikuwa shilingi mia tatu za shangazi. Baada ya miezi minne biashara ilikufa, kwa sababu kila jioni nilikuwa nakula mtaji. Sikulia. Sikuwa na mke wala kodi ya nyumba. Nikatafuta kazi ya ofisi, nikasahau.

Nikiwa na 60 nilistaafu. Kiinua mgongo kilipoingia nikajenga banda na kununua vifaranga 500 vya kuku wa nyama kwa mpigo mmoja. Wiki ya sita kuku wako tayari, wanunuzi hakuna. Na kuku wa nyama akishafika uzito wake haachi kula. Kila siku anayokaa bandani anakula faida yako. Niliuza kwa hasara. Mwezi huo mama watoto alikosa dawa zake za presha, na kosa lilikuwa langu. Kijana akianguka ana miaka ya kuinuka. Mzee akianguka, anaanguka na nyumba yake yote.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: ploti ya pili kutoka kwangu kulikuwa na kijana wa miaka 23 aliyepelekea mahoteli kuku kila Ijumaa. Nilimwona akipita na bodaboda. Sikumuuliza kitu. Nilisema moyoni, mimi nilikuwa shemasi kabla huyu hajazaliwa, nikamuulize nini? Hicho ni kiburi, wapendwa.

Sasa tumtazame Kalebu. Alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kuipeleleza nchi, na 85 alipomwomba Yoshua ule mlima wa Hebroni. Tunapenda sana kuhubiri nguvu za huyu mzee. Lakini soma sura inayofuata. Mji wa Kiriath-seferi Kalebu hakuuteka kwa mkono wake. Alitangaza zawadi, na Othnieli, mtu wa jamaa yake, akauteka. Mzee hakuona aibu kuhitaji mkono wa mwingine.

Neno hilo lilinitoa nyumbani. Nilibisha kwa yule kijana nikasema, "Kijana wangu, nimekwama. Nifundishe."

Akaniambia, "Karibu, mzee. Usiingize 500 tena. Ingiza 100 kila wiki mbili, na utafute mnunuzi kabla hujanunua kifaranga."

Halafu akanyamaza kidogo, akanifungulia moyo. Alikuwa na mikopo mitatu ya simu. Pesa ilipita mkononi mwake kama maji. Mimi nilikuwa nimeshika vitabu vya hesabu ofisini kwa miaka 30, basi tukakaa chini na daftari. Leo amebakiza deni moja. Banda langu linaenda polepole, na dawa zinanunuliwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Kijana, mali yako ni muda. Usiuuze kwa deni la haraka. Anza kidogo, andika kila shilingi, na umtafute mtu aliyekutangulia.

2. Mzee, mali yako ni jina na uzoefu. Usiweke kiinua mgongo chote kwenye biashara usiyoijua. Tenga kwanza ya dawa na chakula, kisha ujaribu na kidogo.

3. Mhubiri anatufundisha kupanda asubuhi, na jioni tusilegeze mkono. Wengine wetu wako asubuhi, wengine jioni, lakini shamba ni moja.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

- Ni nani wa rika lingine unayeona haya kumuuliza jambo? Kwa nini?
- Biashara yako ikianguka leo, ni nani atakayeumia pamoja nawe?

OMBI: Bwana, tuondolee kiburi cha uzee na haraka ya ujana. Tupe moyo wa kufundishwa. Amina.