Dada, kazi naipenda ila moyo umegoma

Mdogo wangu nesi wa Buyenzi, unaniambia tangu enzi za korona hujawa yule yule: unaamka mzito, mgonjwa akikuita unamjibu kwa mkato, na ukifika nyumbani huna hamu hata ya kuongea na watoto. Ulipomweleza mkuu wako, akakwambia uuguzi ni wito, anayelalamika amekosea njia.

Nianze na huyo mkuu, maana ameniudhi. Wito haulipi kodi ya nyumba. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2019, lilikubali kwamba uchovu wa aina hii unatokana na msongo wa kazini ulioachwa bila kushughulikiwa. Halafu ikaja 2020. Visa vya kwanza vya korona vilitangazwa hapa kwetu Burundi mwisho wa Machi. Mei tukapiga kura, na mwezi huo huo mwakilishi wa Shirika hilo la Afya akaambiwa aondoke nchini. Ilifika Juni 30 ndipo Rais Ndayishimiye alipoitangaza korona kuwa adui mkubwa wa Burundi. Julai upimaji wa watu wengi ukaanza na bei ya sabuni ya buluu ikashushwa kwa nusu. Miezi yote hiyo wewe ulikuwa wodini. Na sabuni hiyo hiyo, umesema mwenyewe, ilikupasua vidole hadi ukikamulia samaki ndimu unaruka.

Lakini kinachokuuma zaidi, nikikusoma vizuri, ni bonasi. Tangu Aprili 2010 nchi nzima inafuata mpango wa kulipa vituo vya afya kwa matokeo: zinahesabiwa huduma zilizotolewa, unapimwa ubora, na sehemu ya fedha inagawiwa wafanyakazi. Siku za kawaida mpango huo una akili yake. Wakati wa janga, hesabu inageuka. Mama akiiogopa hospitali anabaki na mwanawe nyumbani. Idadi ikishuka, fungu nalo linashuka, na wewe uliyekesha na wagonjwa wachache walio mahututi unapokea pungufu kwa kazi ngumu zaidi. Hasira yako ina sababu, usiione aibu.

Ila mgonjwa hakukupangia zamu wewe. Kumjibu kwa mkato, hapo sikutetei.

Sasa, usirudi kwa mkuu na neno "nimechoka", atakwambia sote tumechoka. Nenda na daftari: usiku gani ulipangwa mfululizo, siku gani glavu ziliisha saa nne asubuhi, nani alishinda na barakoa moja. Na usiende peke yako. Akienda mmoja ataitwa mlalamishi. Wakienda watatu, hicho ni kikao. Ombeni jambo ambalo mkuu analiweza bila kusubiri Wizara ya Afya: ratiba ya zamu ibandikwe mapema, au kila mtu aone alama zake za tathmini kabla bonasi haijagawiwa. Nusu ya manung'uniko ya bonasi, nijuavyo mimi, huanzia kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeiona. Mkikubaliwa moja, mtajua namna ya kuomba la pili. Mkikataliwa, andikeni barua na mbaki na nakala. Chama cha wafanyakazi kikiulizwa kesho kitataka maandishi.

Nyumbani nako, waambie watoto ukweli kwamba mama akitoka zamu anahitaji nusu saa ya kuoga na kukaa kimya, kisha ni wao. Watoto wa Buyenzi wamezoea kelele, lakini wakielezwa wanaelewa.

Na ile kazi ya mradi uliyoitaja? Omba, hakuna dhambi. Ila mkataba wa miezi sita usiulinganishe na ajira ya serikali kwa kuangalia mshahara tu. Soma likizo, bima, na kinachofuata mradi ukiisha. Kabla ya kuandika barua ya kuacha, uliza ofisini kama unaweza kuruhusiwa kwa muda bila malipo, nafasi yako ibaki.

Nijulishe kikao kilikwendaje. Na wale samaki wa mukeke ulioniahidi, sijawasahau.