SOMO LA MIMEA: MITI YA LUPANGO LETU INA SUMU?



Tunaulizana mara nyingi: mti uliopandwa karibu na nyumba unaweza kuua mtu ao mnyama? Ndiyo, lakini si kila mti, na si kwa namna moja. Tuangalie mine.

1. Oleanda (laurier-rose). Maua yake ni mazuri, lakini majani, maua, shina na mbegu, vyote vina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Hata jani kavu lingali na sumu. Basi tusitupe matawi yake pahali mbuzi wanapita, wala tusichome nyama kwa vijiti vyake.

2. Mbarika. Mafuta yake watu wanayafanya dawa. Juu ya nini basi mbegu inaua? Sababu sumu yake, risini, haiingii katika mafuta. Inabaki katika makapi. Mbegu ile ina madoadoa, inang'aa, watoto wanaipenda kwa mchezo. Hatari kubwa ni kuitafuna.

3. Mnyaa, ule wa uzio wenye vitawi kama penseli. Utomvu wake mweupe unaunguza macho vikali. Anayekata uzio asipanguse uso kwa mkono.

4. Avoka. Sisi tunakula tunda lake bila shida. Lakini majani yake yanaweza kudhuru mbuzi na sungura: maziwa yanapunguka, moyo unaharibika. Wanaofuga sungura wasiwakatie majani hayo.

Hapa tunaona fundisho: mtu asiseme, «Mbuzi anakula, basi si sumu,» wala, «Mimi ninakula, basi sungura naye ale.» Kila mwili uko na namna yake.

Tufanye nini? Utomvu ukiingia jichoni, tuoshe kwa maji safi mengi, dakika 15 ao zaidi, kisha twende hopitali. Mtu akila sumu, tutoe mabaki kinywani. Tusimtapishe kwa nguvu, tusimnyweshe mawese. Tumpeleke hopitali upesi pamoja na tawi la mti ule, ili muganga aujue. Twende hata kama mtoto angali anacheza, kwani sumu ya mbarika inaweza kukawia saa nyingi mbele ya kuonekana.

Hatusemi mukate miti yote. Tunasema muijue, na muwaonyeshe wadogo wenu nyumbani.

Maulizo:
a) Juu ya nini mafuta ya mbarika ni dawa na mbegu ni sumu?
b) Taja mti ambao tunda lake tunakula na majani yake yanadhuru wanyama.
c) Katika lupango lenu kuko miti gani kati ya hii mine?