SOMO: KUNUNUA KOMPYUTA WAKATI MPYA IKO NJIANI

Masomo: Kutoka 20:17, Mhubiri 11:4, Luka 14:28–30



Halmashauri nyingi za mitaa siku hizi hujadili kununua kompyuta, ili hesabu za sadaka, orodha ya wabatizwa na barua za kanisa ziwekwe kwa utaratibu. Nyumbani nako wazazi huombwa kumnunulia kijana aendaye chuoni. Mara nyingi shauri hukwama kwa neno moja: "Tungoje kidogo, toleo jipya linakuja." Wengine hununua, na mwezi ufuatao wakiliona toleo jipya dukani, humlaumu mtunza hazina. Fedha yenyewe ni sadaka ya wajane na wakulima. Basi si jambo dogo. Yatupasa kulipima kwa busara.

1. Anayejuta

Mwezi Januari 1984, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Macintosh kwa dola 2,495. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 128. Mwezi Septemba mwaka uleule ikatoka nyingine yenye kilobaiti 512, yaani mara nne. Aliyenunua ile ya kwanza mwezi Agosti bila shaka alisikitika.

Lakini tuulize: alipoteza nini? Mashine yake haikupungua kitu. Kama kazi yake ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, aliendelea kuiandika kama jana. Aliyetaka kuandika maandiko marefu ndiye aliyekuwa na shida ya kweli, kwa kuwa kumbukumbu ile ilitosha kurasa chache tu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, shida hiyo ilikuwapo tangu siku ya kununua. Haikuletwa na toleo la Septemba. Hakuwa ameipima kazi yake.

Amri ya kumi yatuonya juu ya jicho linalotamani mali ya jirani. Kitu kilichotufurahisha asubuhi hutuchosha jioni, nacho hakijaharibika. Tumeona tu cha mwenzetu.

2. Anayengoja

Mwaka 1981 Adam Osborne alianza kuuza Marekani kompyuta ya kubebeka, Osborne 1, kwa dola 1,795. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na watu waliipenda. Mwaka 1983 kampuni yake ikatangaza toleo bora kabla halijafika madukani. Wenye maduka wengi wakaacha kuagiza la zamani, wakingoja jipya. Fedha zikakauka, na mwezi Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Zilikuwapo sababu nyingine pia, lakini kungoja huko kulichangia.

Mhubiri anamtaja mkulima ambaye, kwa kuuchungulia upepo kila siku, hapandi. Ndivyo alivyo anayengoja toleo la mwisho: halipo, maana likitoka hili, lingine liko mezani kwa mafundi. Wakati huohuo daftari la ubatizo linaliwa na mchwa, na kijana anafanya kazi za chuo kwa kuazima. Kungoja nako kuna gharama yake, ingawa haina stakabadhi.

3. Kinachozeeka kweli

Hata hivyo tusiseme kwamba umri wa kompyuta si kitu. Kompyuta huzeeka kweli siku ile watengenezaji wa programu yake kuu wanapoacha kuitunza. Kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye programu hiyo haikuzimika siku ile, lakini isipoandikishwa katika huduma ya nyongeza haipati tena marekebisho ya usalama, na wezi wa mitandaoni hutafuta nyufa kama hizo. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hukataa mashine nzuri kwa sababu dada yake mpya yu karibu kutoka, kisha hununua iliyotumika kwa bei nafuu, isiyoweza kupokea programu inayotunzwa.

4. Kuketi na kuhesabu

Katika Luka, Bwana wetu anamsifu mjenzi aketiye kwanza na kuhesabu gharama ya mnara. Nasi tufanye hivi:

(a) Tuandike kazi zenyewe kabla ya kwenda dukani.
(b) Tuulize mashine ilitengenezwa mwaka gani, na programu yake kuu itatunzwa hadi lini.
(c) Kama toleo jipya limekwisha kutangazwa, litatoka baada ya wiki chache, na kazi haina haraka, tungoje. Huenda bei ya la zamani ikashuka. Kama hakuna tarehe, tusingojee uvumi.
(d) Tuulize dhamana ni ya muda gani, na kama inawezekana kubadilisha katika siku za kwanza. Tutunze stakabadhi.
(e) Tugawe bei kwa miaka tunayotarajia kuitumia. Ya shilingi 900,000 itakayodumu miaka 6 ni shilingi 150,000 kwa mwaka; ya shilingi 500,000 itakayodumu miaka 2 ni shilingi 250,000 kwa mwaka.

Tukiisha kununua kwa njia hii, tufunge shauri na kuanza kazi. Mtunza hazina aliyefuata uamuzi wa halmashauri asisutwe kwa sababu ya tangazo lililotoka baadaye.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kazi gani katika mtaa wetu imekwama kwa sababu tunangoja chombo bora zaidi?
2. Tutatofautishaje hitaji na tamaa tunapotumia fedha ya sadaka?
3. Nani mtaani mwetu atafundishwa kuitumia kompyuta, ili isikae kabatini?

Mungu atupe moyo wa shukrani kwa tulicho nacho, na busara katika tunachokitafuta. Amina.